Mshiko wa Jembe

Kijiwe chetu kiko Tunduma, pale malori yanapolala yakisubiri karatasi za kuvukia Nakonde, upande wa Zambia, ubavuni mwa gereji ya Wiliam. Benchi ni ubao wa kreti uliolazwa juu ya ringi mbili za tela, na anayekaa katikati huzama mpaka akaongea akiwa chini ya wenzake. Mimi nashona viatu mwisho wa benchi, ndiyo maana naitwa Soli, na ndiyo maana nasikia kila kitu, hata nisichokitaka. Kwa kawaida tunabishana mpira na siasa, mambo yasiyotuhusu. Wiki hii tumebishana juu ya mikono ya Lwitiko, na mimi kwa kweli nimechoka, maana hii inatuhusu.

Lwitiko ni mzaliwa wa Isongole na kazi yake ni ukuli, ila tunamwita Kitwe. Ujana wake aliumalizia huko Kitwe, Zambia, kwenye kiwanja cha gofu cha mgodi, akiwabebea mabwana mifuko ya fimbo. Jumatatu, mabwana wakiwa kazini, wabeba mifuko waliruhusiwa kucheza wenyewe, na Lwitiko akawa anawapiga wote. Hakuna aliyemfundisha. Aliokota fimbo iliyovunjika, akaishika kama baba yake alivyomfundisha kushika jembe la kupigia matuta: mkono wa kulia juu, wa kushoto chini, mgongo umeinama. Wenye mchezo wao hushika kinyume cha hapo, kushoto juu, kulia chini, na mgongo haupigi matuta. Lakini mpira ulikuwa unakwenda, na mpira ukienda nani atakusahihisha?

Sasa huu ni mwaka elfu mbili na saba, shaba imepanda bei, kiwanja kile kimepata wenyewe wapya na wanataka mwalimu wa kufundisha watoto. Danieli, aliyebeba mifuko pamoja na Lwitiko, ndiye msimamizi huko siku hizi. Akapiga simu. Njoo Jumamosi, akasema, uwaonyeshe wenye kiwanja namna ya kuanza: mikono, miguu, kichwa. Kisha akamwambia kama rafiki: ukija na ule mshiko wako wa jembe, usishuke kwenye basi.

Na Lwitiko lazima aende, maana mgongo umekwisha. Tangu masika hawezi kunyanyua gunia. Anakuja kijiweni asubuhi na makuli wenzake, wao wanaitwa, yeye anabaki.

Leo ni Jumatano. Basi lake linatoka Nakonde kesho.

— Hebu shika tena tuone, akasema Salum, muuza kahawa wetu, mtu wa Kondoa, mpole, mwenye birika lililotoboka mara nyingi na kuzibwa hapo hapo gerejini.

Lwitiko akainuka na fimbo yake. Ni fimbo ya kweli ya gofu, aliondoka nayo Kitwe, ila pa kushikia pameliwa na miaka, amepafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Akaweka kifuniko cha soda chini. Mpira anao mmoja tu na hapa pamejaa vioo vya malori.

— Kushoto juu, akajiambia kwa sauti. Kulia chini. Kidole kidogo kilale juu ya mwenzake. Kichwa kitulie.

Akanyanyua fimbo. Ikafika begani, ikasita, ikashuka kama mtu anayeshuka ngazi asizozijua. Kifuniko hakikutikisika.

— Umeibana sana, Salum akasema. Angalia kikombe. Ukikibana kinakuunguza, ukikilegeza kinamwagika. Shika kama kikombe, Kitwe.

— Nikishika kama kikombe fimbo inazunguka.

— Polepole. Haba na haba hujaza kibaba.

— Salum bwana, akadakia Habibu, hiyo methali ya kuweka akiba. Huyu anataka kutoa, si kuweka.

Habibu hubadilisha fedha pale barabarani, kwacha kwa shilingi, shilingi kwa kwacha. Tunamwita Rais kwa sababu hajawahi kuulizwa jambo akasema hajui.

— Haya Rais, wewe unasemaje? nikamuuliza. Nilijuta hapo hapo.

— Mimi nasema tatizo lake ni la kitaifa. Huu mkono wa kushoto umekaa chini miaka yote kama shirika la umma. Haukuzalisha, ulikuwa unasindikizwa tu na wa kulia. Sasa ghafla unaambiwa uwe juu, uongoze. Utaongozaje? Dawa ni kubinafsisha. Mkono wa kulia upunguzwe kazi.

— Upunguzwe vipi? Salum akauliza.

— Usile nao, usisalimie nao, mpaka usahau kwamba ulikuwa mkubwa.

— Atamsalimia nani kwa mkono wa kushoto hapa? Atapigwa!

— Nilishajaribu, akasema Lwitiko taratibu, bado kasimama na fimbo. Juzi nilijaribu kula kwa kushoto. Ferista aliniondolea sahani. Akaniambia, gofu yako iishie uani, hapa wanakula watoto.

Tukacheka. Yeye hakucheka. Ferista ni mkewe, na ndiye aliyeuza kuku wake apate nauli ya basi, kwa hiyo kauli yake ina uzito.

Wiliam akatokea chini ya lori akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. Huyu tunamwita Difu, kama ile ya ekseli ya nyuma. Kwake binadamu wote ni magari, na wengi wetu hatustahili hata kupewa stika.

— Mnahangaika na usukani, akasema, na ugonjwa uko nyuma. Sogea, Kitwe. Geuka. Inama. Ona! Kiuno hakizunguki. Nguvu inatoka kwenye miguu, inatakiwa ipite kiunoni iende mikononi. Kwake inafika kiunoni inakatika. Propela imekufa. Sasa mikono inafanya kazi ya injini. Ndiyo maana mgongo ukafa.

— Hapo Difu kasema, akakiri Lwitiko. Danieli naye aliniambia nizungushe kiuno.

Angenyamaza hapo angebaki fundi mzuri. Lakini nani alishawahi kusifiwa kijiweni akanyamaza.

— Sasa kiwiko cha kushoto kinapinda, Difu akaendelea. Hicho lazima tukifunge. Samaki mkunje angali mbichi!

— Mwe! Huyu ameshakauka, nikasema.

— Akikauka unamloweka kwanza. Leteni tyubu.

Akaenda akaleta kipande cha tyubu ya lori na vibanzi viwili vya mbao, akamfunga Lwitiko mkono kuanzia bega hadi kifundo. Mtu mzima, baba wa watoto, akasimama barabarani kama aliyevunjika akitokea hospitali. Wapita njia wakampa pole. Mmoja akamuuliza ni pikipiki?

— Ni gofu, akajibu Lwitiko.

— Pole sana, yule mtu akasema, akaenda zake.

Akapiga. Mkono haukupinda, Difu alikuwa sahihi, lakini mwili mzima ukaenda na mkono, na Lwitiko angeanguka kama Salum asingemdaka. Kahawa ikamwagika kidogo.

— Unaona? akasema Difu kwa furaha. Kiwiko kimetii!

— Kiwiko kimetii, mwenye kiwiko kaanguka, akasema Habibu. Difu, ndiyo maana magari yako yanatoka na breki, hayana taa.

— Rudia, Kitwe, Difu akaamuru.

— Ngojeni kidogo, akasema Lwitiko.

Akakaa, mkono wake ukiwa umenyooka mbele yake kama unaomba kitu. Ilibidi Salum amnyweshe kahawa. Nilimtazama usoni. Sio kwamba alikuwa na hasira. Hasira ningeielewa.

— Jamani, akasema, mnajua nini kinachosha? Kubeba gunia nilikuwa nachoka, lakini nalala naamka nimepona. Hii haibebi chochote, na inanichosha mpaka usingizi. Nikiufikiria mkono, mguu unasahau. Nikiukumbuka mguu, kichwa kinanyanyuka. Nikikituliza kichwa, mkono umesharudi ulikozoea. Ni kama kuchunga mbuzi uwanjani kwa watu. Na zamani nilikuwa sifikirii. Nilikuwa nasimama, napiga, mpira unakwenda.

— Mazoea yana taabu, nikamwambia.

— Ndiyo hiyo, Soli. Mazoea yana taabu.

Ilikuwa methali ya kwanza siku ile iliyokaa mahali pake, na haikumsaidia mtu.

Habibu alikuwa anazihesabu noti zake na kuzihesabu tena, na akifanya hivyo ujue anatafuta rate, bei ya kubadilishia.

— Nimepata, akasema.

— Usitupe, nikamwomba.

— Sikilizeni. Kule kushika kwa jembe alikutoa wapi? Isongole. Kakupeleka wapi? Zambia. Kakurudisha wapi? Hapa. Maana yake huo mshiko una makazi. Una kijiji, una mwenyekiti. Ukisimama Tunduma, mshiko wa Tunduma unakuja. Ukivuka Nakonde, unakuja ule wa Kitwe, ambao ndio huo huo umevuka na wewe. Sasa dawa: kuna ile nyumba pale nyuma ya soko, uani kwake mpaka unapita katikati ya kamba ya kuanikia nguo. Wote mnaijua. Kitwe asimame pale. Mguu mmoja Zambia, mguu mmoja Tanzania. Apige hapo hapo katikati. Mazoea yatatafuta yafuate sheria ya nchi gani, yatakosa uraia!

Salum akaweka birika chini.

— Habibu, umekunywa vikombe vingapi?

— Mnacheka. Hela yenyewe ukivuka inabadilika. Noti uliyokuwa unaiheshimu hapa, pale ni karatasi. Kwa nini mkono usibadilike?

— Hela inabadilika kwa sababu wewe umesimama katikati unakula chako, akasema Difu.

— Ndiyo! Kila badiliko lina mtu katikati!

— Na uhamiaji wakimkuta na hiyo fimbo? nikauliza.

— Aseme anapima kiwanja.

Cha ajabu, Lwitiko aliuliza:

— Mwenye ile nyumba yupo leo?

Hapo ndipo nilipoona jambo limefika pabaya. Mtu mwenye akili zake, aliyekuwa anamcheka Habibu akianza mambo yake, sasa anauliza kama mwenye nyumba yupo. Nilimfungua ile tyubu mwenyewe, taratibu, vibanzi vikadondoka. Mkono ulikuwa na alama nyekundu. Difu alianza kulalamika kwamba nimetoa spea kabla haijazoea barabara, nikamkata jicho.

Muda wote huo kulikuwa na mama amekaa juu ya magunia yake ya mchele hatua chache kutoka kwetu, kivulini mwa tela. Alikuja na mchele wake kutoka Kamsamba, gari lililomleta likamshusha likarudi, sasa anasubiri jingine la kuupeleka mbele. Jina lake alitwambia ni Ketrina. Alikuwa amenunua kikombe kwa Salum, akanywa, akanunua kingine. Watu wa bondeni kule wamezoea joto, hawana haraka.

— Samahani, baba zangu, akasema. Nimewasikiliza. Naomba niulize kitu kidogo.

— Uliza, mama, karibu, akasema Habibu, akijiweka vizuri. Hapa ni chuo.

— Si wewe. Namuuliza huyu kaka mwenye fimbo. Kaka, kule kushika kwako kwa zamani, bado unako?

Lwitiko akatabasamu. Tangu wiki ianze sikuwa nimemwona akitabasamu.

— Huko kupo, mama. Huko hakupotei. Hata ukiniamsha usingizini.

— Naomba nione. Nyie mmezungumza tangu asubuhi, mimi sijaona mtu akipiga kitu.

Ni kweli. Sisi wenyewe, wataalamu, hatukuwa tumewahi kumwona akipiga kwa mshiko wake wa zamani. Kitwe tulikuwa tunaijua kwa masimulizi tu. Tukasogea, hata Difu. Lwitiko akaweka kifuniko cha soda chini, akakisogeza kwa ncha ya kiatu mpaka kikakaa anavyotaka. Akageuza mikono: kulia juu, kushoto chini. Akainama kama mtu wa matuta. Mwili wake ukawa wa mtu mwingine, nakwambia, ukatulia kama umefika nyumbani, na mimi nikajisemea, acheni aende hivi hivi, dunia nzima imekosea.

Akanyanyua.

Fimbo ikapanda, ikafika juu, ikasimama. Nikaona vidole vinatafutana. Kidole kidogo kikataka kulala juu ya mwenzake, mwenzake hayupo, yuko upande mwingine. Kiuno kikageuka, kama alivyofundishwa na Difu, kikauacha mgongo nyuma. Fimbo ikashuka bila mwenyewe, ikachimba vumbi mbali na kifuniko.

— Ngoja, akasema. Nimeharakisha.

Akarudia. Akakosa tena. Safari hii alisita kabla hata fimbo haijafika begani, akaishusha chini mwenyewe, akaitazama mikono yake, kwanza mmoja, kisha wa pili, kama mtu aliyerudishiwa viatu na fundi akakuta si vyake.

— Mama, akasema. Hakupo.

Lori moja liliwashwa upande wa pili wa barabara, likazimwa.

— Kulikuwepo, akasema Lwitiko. Jamani, nyie hamkuniona, lakini kulikuwepo. Walikuwa wanakuja kuniangalia. Wazungu wenyewe walikuwa wanasimama pembeni wananiangalia.

— Tunajua, Kitwe, akasema Salum.

— Hamjui.

Ketrina akakirudisha kikombe chake kwenye sinia ya Salum. Hakuwa anacheka wala hakuwa na ubaya.

— Basi kaka, Jumamosi unaenda na mshiko upi?

Mimi nilimtazama Habibu. Naapa niliomba aseme kitu. Aseme mpaka, aseme uraia, aseme chochote. Habibu akaangalia barabarani kama ameitwa na mteja, na hapakuwa na mteja. Difu akaanza kukusanya vibanzi vyake. Salum akatikisa birika, akamimina kilichobaki kwenye kikombe cha Lwitiko, kilikuwa machicha zaidi ya kahawa, na Lwitiko akakipokea akakishika bila kunywa.

— Siku zote nilizojifunza hii mpya, akasema, nilikuwa najipa moyo. Nasema ikinishinda, nitarudi kwenye yangu. Nitamwambia Danieli, bwana, mimi ndivyo nilivyo, waite watoto waone mpira unavyokwenda. Sasa nimwambie nini? Nimechoka, mama. Nimechoka kabisa. Ferista ameuza kuku.

— Lakini unakwenda, Ketrina akasema.

— Nakwenda. Nikibaki hapa nafanya nini?

Ndipo fuso ikarudi nyuma polepole ikaegesha karibu na magunia ya mchele, na dereva akatoa kichwa dirishani akaita kwa nguvu:

— Makuli! Mchele wa Kamsamba hapa! Tupakie twende!

Lwitiko akainuka. Hakufikiri, wala hatukuwahi kumzuia. Alikiweka kikombe kwenye benchi na fimbo ikaangukia vumbini, akapiga hatua mbili kwenye magunia, magoti yakakunjika yenyewe, bega la kulia likashuka tayari, mkono ukaenda nyuma ya shingo mahali gunia linapokaa. Vyote kwa mpigo mmoja, bila kusita, kila kiungo kikijua zamu yake. Sijawahi kuona mtu akiinama vizuri namna ile. Kisha mgongo ukamshika. Akabaki hivyo hivyo, nusu chini nusu juu, kiganja kimeegemea gunia la juu, macho kayafumba.

Makuli wengine wakaja mbio, wakamwona, wakaanza kupakia upande wa pili.

— Kaka, kaa chini, Ketrina akamwambia. Acha. Wapo watu.

— Siwezi kukaa, mama. Niacheni kidogo. Ikiachia nitanyooka.

Salum akamshika bega moja, mimi nikaacha kiatu cha watu nikamshika la pili. Jasho lilikuwa linamtiririka puani na hakuwa na mkono wa kulifutia. Habibu akaiokota fimbo, akaipangusa vumbi kwa shati lake, akasimama nayo, hakujua aishike wapi. Wote tukamsubiri anyooke.